Dakika Nne na Birika

Baba aliinunua Jumamosi, duka la Barabara ya Monroe,
akaja nayo katika mfuko wa shati
zilimokuwa zikikaa kalamu zake za kiwandani.
Ukubwa wake, pakiti ya sigara.
Kitufe kimoja, chekundu. Ubavuni
kidude cha chuma hufyatuka kama kisu cha kukunja,
unakichomeka kwenye kompyuta, basi, umemaliza.
"Hata mimi," alisema kwa mikono, "hata mimi naiweza."

Miaka thelathini na mmoja alichapa magazeti ya Rochester
kwenye mitambo iliyowaharibu wenzake masikio.
Yeye hakuwa na cha kuharibiwa.
Aliisikia kwa nyayo; ikitaka kukwama, alijua kabla ya fundi.
Habari za dunia nzima zilipita viganjani mwake
kwa lugha aliyolazimishwa shuleni, lugha ya midomo ya watu,
nayo katika barua zake ilikaa
kama viatu vya kuazima:
*Mimi jana dukani kwenda. Theluji nyingi. Wewe salama?*
Halafu jina, Orrin, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu.

Video ya kwanza haikufaa.
Alikaa karibu mno; kila neno pana
lilitoka nje ya picha likarudi nusu.
Ya pili, shati la mistari lilimeza vidole.
Ya tatu alitundika shuka la buluu nyuma ya meza ya jikoni,
kamera juu ya kopo la unga,
kopo juu ya kitabu cha simu cha mwaka elfu mbili na tatu,
ambacho hatimaye kilipata kazi.
Akavaa nyeusi, akachana nywele, akakohoa,
sijui kwa nini, lakini alikohoa,
ndipo akaanza.

Mkono mtupu haulambwi, husemwa.
Wa baba ulisomwa Spokane usiku uleule.

Delphine Aucoin, wa dawati la nyuma yake,
miaka arobaini na miwili hawajaonana,
alijibu kesho yake. Mvi tupu, miwani imefungwa kwa uzi.
Akasema *siagi* kwa namna yao ya bwenini,
vidole viwili vikifuta kiganja kinyumenyume,
neno lililozaliwa chini ya blanketi, kwa mwanga wa tochi,
mlezi akipita na rula.
Baba akarudisha nyuma. Siagi.
Akarudisha nyuma. Siagi.
Mama, aliyesomea Ohio, ilibidi afundishwe,
na chakula kikapoa.

Sasa ni kila Jumapili, dakika nne:
bei ya matairi, nyonga ya Delphine, theluji, theluji.
Mimi ndiye mwenye masikio humu ndani,
kwa hiyo kupakia ni kazi yangu.
Siku moja nikafungua spika.

Friji inanguruma. Viganja vinapiga kifua.
Birika linaanza mluzi sekunde ya ishirini
na halinyamazi mpaka mwisho.

"Kuna sauti humo?"
"Ipo."
"Ya nini?"
"Birika."
Akafikiri kidogo. "Basi waambie wenye masikio
chai iko tayari, wanisubiri nimalize."

Kuna alama ndogo ya kuzima sauti.
Kidole changu kilikaa juu yake. Sikubonyeza.

Maana dakika ya tatu, akimpa Delphine habari zangu,
anachora jina langu, lile alilonipa mwenyewe,
herufi moja inayogusa kidevu, pale penye kovu,
na koo lake linatoa kitu.
Silabi mbili, butu. Hajui.
Nimeishi naye miaka yote hii
nikidhani ni kikohozi.

Hilo sikumwambia.
Jumapili iliyofuata, kabla hajabonyeza chekundu,
nilipita nyuma ya shuka
nikazima jiko.